Malalamiko: Giza la Alien Mmelipeleka Wapi?

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: KUHARIBIWA KWA FILAMU YA ALIEN (1979)

Ndugu Meneja,

Jumamosi iliyopita nilinunua filamu tajwa hapo juu katika huduma yenu ya mtandaoni. Ukurasa wa mauzo ulisema ni toleo la 1979 "lililoboreshwa". Mimi nimeitazama mara nyingi mno tangu ujana wangu. Safari hii nilimnunulia mpwa wangu wa miaka 19, ambaye hakuwahi kuiona. Nilitaka kukaa pembeni nimwangalie akiogopa.

Nianze na lililoniuma zaidi. Karibu na mwisho, Ripley, shujaa wa filamu, amekimbilia chombo kidogo cha kujiokoa pamoja na paka Jones, meli yao ya angani, Nostromo, imelipuka, na anajiandaa kulala. Kumbe lile dude lililowaua wenzake limo humo humo, limejikunja katikati ya mabomba. Msanii wa Uswisi, H.R. Giger, alilibuni likiwa nusu kiumbe nusu mashine, kwa hiyo kichwa chake unakitazama kabisa ukidhani ni kifaa cha ukutani, mpaka mkono unapochomoka. Ninyi mmelimulika! Mwanga mmeuzidisha hata vivuli vimekuwa rangi ya majivu. Ripley hajahisi lolote, mpwa wangu keshanyoosha kidole: "Mjomba, si hilo hapo?" Akacheka.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu, kwa upole kabisa, alinieleza kuwa watazamaji wa siku hizi hawapendi picha nyeusi. Mheshimiwa, weusi huo ndio niliolipia. Filamu ina takriban dakika 117, na dude lenyewe huonekana dakika chache tu. Muda mwingi tunakaa na watu saba waliochoka na kazi, wanakunywa kahawa na kutaniana, Parker na Brett wakidai bonasi yao kama watu wa karakana yoyote. Ukishawazoea hivyo, kifua cha mwenzao Kane kinapopasuka na dude kuchomoka wakiwa mezani wanakula, unashtuka hata kama ulijua kinakuja. Filamu ngapi za kutisha za zama zile leo zinachekesha kwa sababu madude yake yalianikwa mchana kweupe? Mwongozaji, Ridley Scott, alilificha lake, nasi tukalimalizia wenyewe vichwani. Mtu hachoki kuogopa alichokiumba mwenyewe.

Halafu kuna suala la pande. Filamu ilipigwa kwa picha pana sana, nanyi mmekata kushoto na kulia ili ijae skrini. Karibu robo ya picha imekwenda. Mezani kuna mtu anaongea na kiwiko. Ile mistari myeusi ya juu na chini haikuwa ikimsumbua mtu.

Na majina ya mwisho. Ripley ndiyo kwanza amefumba macho, ninyi mmeshayabana majina kwenye kona isiyosomeka ili mnitangazie filamu nyingine. Aliyevaa vazi la dude ni Bolaji Badejo, Mnigeria mwembamba mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro London. Hakuigiza filamu nyingine maishani mwake. Nafasi yake ya kutajwa ni hiyo moja, na mmembania.

(Sitaki kuzungumzia sana kwamba ndani ya filamu hii kampuni ndiyo inayoamua wafanyakazi wafe mradi dude lifikishwe salama. Ila nililikumbuka nikiwa nasubiri simu yenu ipokelewe.)

Naomba nipewe toleo halisi, lenye upana wake na giza lake, ama nirudishiwe fedha yangu yote ndani ya siku 14. Kama mnalipenda hilo la kumulikwa, libakini nalo, lakini ukurasa wa mauzo useme wazi kuwa picha imekatwa na kuongezwa mwanga, mnunuzi ajue. Mpwa wangu amekubali kuitazama upya kwa heshima yangu tu. Pale dude linapojificha anapajua sasa, na hapo hakuna marejesho yatakayonisaidia.

Nimeambatisha risiti ya malipo pamoja na picha mbili za skrini, moja ya toleo lenu na nyingine ya diski yangu ya zamani. Tafadhali zitazameni taa zikiwa zimezimwa.

Wako,
Mteja wenu