Kwa Wanaosema Tumewauzia Nyama Ngumu: Tatizo Huanzia Kwenye Unene wa Steki

Hakuna lalamiko linalorudi kaunta kwetu mara nyingi kama hili: mteja amenunua sarloini, nyama ya mgongoni, kwa bei ya sarloini, ameikaanga nyumbani, na ilipofika mezani ilikuwa kavu na ngumu kutafuna, kwa hiyo ameamua kwamba tumemuuzia ng'ombe mzee. Hivi karibuni mama mmoja alirudi na kipande kilichobaki, akakiweka juu ya mizani mbele ya wateja wengine na kututaka tukiangalie. Tulikiangalia. Kilikuwa chembamba mno na cha kijivu kutoka juu hadi chini, wala hapakuwa na dalili yoyote ya rangi ya kahawia ambayo steki iliyokaangwa ipasavyo huwa nayo. Tulikitambua, kwa sababu tulikikata sisi wenyewe kwa shingo upande, baada ya yeye kusisitiza kwamba vipande viwe vyembamba kadiri iwezekanavyo ili viive upesi na vitoshe watu wengi.

Ombi hilo tunalisikia kila siku, nalo ndilo linalowatia wateja wetu hasara. Steki huhitaji mambo mawili yatokee kwa wakati mmoja: nje ikaangike hadi iwe na ganda la kahawia, na ndani ibaki laini na yenye maji yake. Ganda hilo hutokana na protini na sukari za nyama kuungana kwenye joto kali, jambo lililoelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na huanza kwenda kwa kasi uso wa nyama unapofikia nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi. Sasa, uso wenye maji hauwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji hayo yakauke. Kipande chembamba kinapomaliza kukauka juu, ndani kimekwisha kupita nyuzi 70, na kwa kiwango hicho nyuzi za nyama zimejikaza na kukamua sehemu kubwa ya maji yake kwenye kikaango. Ng'ombe awe kijana namna gani, hawezi kukuokoa hapo.

Ushauri wetu, ambao wengi huudhani ni ujanja wa kuuza zaidi, ni kununua uzito ule ule katika vipande vichache vyenye unene wa sentimita tatu hadi nne, kuvikaanga vikiwa vinene hivyo hivyo, kisha kuvichanja vyembamba baada ya kuiva, kisu kikipita kwa kukatisha nyuzi za nyama na si kwa kufuatana nazo. Watu watakaokula ni wale wale. Yule mama tulimkatia kipande kinene kutoka nyama ile ile aliyoilalamikia, akaenda kukijaribu. Tangu hapo hajaomba tena vyembamba, ingawa bei bado anaibishia.

Maji ndiyo adui wa pili. Wapo wanaoosha steki na kuitia kikaangoni ikiwa bado inachuruzika, na wapo wanaoitoa kwenye friza saa ya chakula na kuitumbukiza katika maji ya moto ili iyeyuke haraka. Hawa wa pili hupoteza zaidi, maana nje huanza kuiva huku katikati bado ni barafu. Nyama iliyoganda ilale kwenye jokofu usiku kucha, kisha ikaushwe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka isiloweshe mkono. Chumvi itiwe mapema, dakika 45 au zaidi kabla ya kukaanga, au itiwe papo hapo nyama inapoingia kikaangoni. Ukiitia dakika kumi kabla, itakuwa imevuta maji juu bila kupata nafasi ya kuyarudisha ndani, nawe utakuwa umeilowesha upya.

Kikaango kiwe kizito, kipate moto wa kutosha kabla ya nyama kuingia, na vipande visibanane, kwa sababu vikibanana hutoa mvuke na kuchemka badala ya kukaangika. Kugeuza mara kwa mara hakuna madhara, hata kama jirani anasema vinginevyo. Wala si kweli kwamba moto mkali huziba nyama ili maji yasitoke. Dhana hiyo ilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na mlio unaoendelea kuusikia kikaangoni ni ushahidi kwamba maji bado yanatoka.

Kuhusu kuiva, kipimajoto kidogo cha kuchoma katikati ya nyama kinashinda kubahatisha kwa kidole. Nyuzi 55 hivi hutoa steki nyekundu na laini. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzi 63 na kuiacha nyama itulie dakika tatu. Uitoe mapema kidogo, kwani joto huendelea kupanda hata nje ya moto. Umajimaji mwekundu unaobaki kwenye sahani si damu, kwa kuwa karibu damu yote hutoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya nyama yenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni katika msuli. Tumewahi kudaiwa turudishe fedha kwa sababu ya umajimaji huo, na tulikataa.

Kuna njia nyingine ya mkato: kununua muundi, yaani nyama ya mguu, kwa sababu ni nafuu, kisha kuukaanga kama steki. Kijana mmoja alifanya hivyo kwa ajili ya wageni wake, akatulaumu sisi. Mguu wa ng'ombe hufanya kazi mchana kutwa na umejaa kolajeni, protini ngumu inayoshikilia misuli, ambayo haiyeyuki ila kwa kupikwa polepole kwa saa kadhaa. Kwa mchuzi ni nyama bora, lakini kikaangoni ni kamba. Fileti, nyama ya ndani ya kiuno, ni laini kwa sababu msuli wake hufanya kazi ndogo, na ng'ombe mmoja anazo mbili tu. Wanaouliza kwa nini bei zinatofautiana wakumbuke pia kwamba nyama tunayoilaza katika baridi ya nyuzi sifuri hadi nne kwa wiki kadhaa ili ilainike hupungua uzito kila siku, na kwamba sehemu ya nje iliyokauka tunaikata na kuitupa sisi, hatuipimi kwenye mizani yako.

Wanaotuomba tuitoboetoboe steki kwa uma ili ilainike wajue kwamba vijidudu vilivyokuwa juu vitasukumwa ndani, hivyo haitafaa tena kuliwa ikiwa nyekundu. Kwa sababu hiyo hiyo, nyama ya kusaga nayo ifike nyuzi 71.

Unapoagiza, tuambie kabla hatujashika kisu utaipika vipi na kwa watu wangapi. Atakayesisitiza vipande vyembamba tutamkatia, lakini nyama iliyokatwa kwa agizo la mteja haturudishii fedha.