Nyanya zilizopondeka zisifichwe chini ya beseni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya nyanya zinazotupwa jioni katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Nyingi hazikuoza zenyewe, zilipondeka njiani. Kikapu kirefu hujazwa mpaka mdomoni, za chini zikabeba uzito wa zote. Moja ikipasuka, maji yake hulowesha za jirani, na kufika jioni fungu zima linanuka uchachu. Mama muuzaji huzificha chini ya nzima ili ziishe. Mnunuzi akizimwaga nyumbani anaona amedanganywa, kesho anakwenda kwa mwingine. Heri zitengwe asubuhi, zingali na nguvu, ziuzwe waziwazi kwa bei yake.

Mnunuzi naye ajue anachochagua. Kovu kavu au umbo la kupinda halina neno. Ufa uliojifunga karibu na kikonyo hutokana na mvua kubwa baada ya ukavu, nao hauna shida. Doa jeusi gumu kwenye kitako hukatwa, sehemu nzima ikaliwa. Lakini ufa mbichi unaotoa maji ni mlango wa uchafu wa sokoni, na kipindupindu tunakijua hapa. Nyanya hiyo ioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, iende kwenye sufuria, isiliwe kwa saladi. Yenye ukungu iache kabisa, maana nyama yake ni laini na nyuzi za ukungu hupenya mahali jicho halifiki. Karoti na shu (kabichi) ni ngumu: kata sentimita 2.5 kuzunguka doa, na kisu kisiguse ukungu wenyewe.

Kuna vitu ambavyo bei ndogo isikuvute kamwe. Karanga na mahindi yenye ukungu hubeba sumu ya aflatoksini, na moto wa jikoni hauiondoi. Kiazi kitamu kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu hata mahali ambapo mdudu hakufika. Kiazi ulaya chenye kijani kidogo kimenywe kwa unene; kikigeuka kijani sana au kikiwa kichungu, kitupe, kukichemsha hakusaidii.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Beseni la kilo 10 la nyanya zilizopondeka kwa nusu bei: ukitupa kilo 3, umepata kilo 7 kwa bei ya 5, ni faida nzuri. Ukitupa kilo 5, umelipa bei ya nyanya nzima, na kazi ya kuchambua juu yake. Kwa hiyo kabla ya kupatana, mwombe mama kwa heshima azimwage juu ya gunia safi, uchague 20 bila kupendelea. Za kutupwa zikizidi 6, omba bei ishuke au acha.

Zipikwe siku ileile. Kata sehemu mbovu, tia sufuriani bila maji, bila kifuniko, dakika 20 au 30 mpaka ngozi ziachane na nyama, kisha chuja. Rudisha motoni ukikoroga bila kuacha, kwa sababu rojo likizidi kuwa zito huungua chini. Nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, na kuyakausha hula makaa mengi. Tumia moto uliobaki baada ya maharagi. Bila friji, pika za leo na kesho tu. Kumwagia mafuta juu hakuhifadhi chochote. Kuanika vipande juani kunafaa kiangazi, Juni hadi Agosti. Miezi ya mvua vitaota ukungu kabla ya kukauka.

Kwa kamati ya soko nina ombi moja: wahimizeni wasafirishaji waache vikapu virefu, watumie makasha ya mbao yenye kina cha sentimita 20, nyanya zipangwe tabaka mbili au tatu tu, kikonyo kisitazame nyanya ya jirani.

Msomaji wako,
Kadutu, Bukavu