Hema la mgeni rasmi lituondokee machoni

Mhariri,

Nimewasoma kimya kimya miaka mingi, lakini ile habari yenu ya kumbi za wazi imenishinda. Mwandishi wenu hakuona haya kusema kwamba ngazi za ukumbi wa Ngome Kongwe, Unguja, hazina hadhi ya kukaliwa na viongozi, ndiyo maana hufungwa mahema. Huyu bwana amewahi kukaa pale hata siku moja?

Ukumbi wa namna ile hupandishwa ngazi ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Hakuna siri nyingine. Warumi walilijua hilo, na wala hawakuwa watu wa usawa: Colosseum, uwanja wao wa maonyesho kule Roma, ilipofunguliwa mwaka 80, maseneta walikaa karibu na uwanja, wanawake na watumwa wakapelekwa juu kabisa. Lakini jua likiwaka, mabaharia walivuta maturubai kwa kamba yakatanda juu ya ukuta, chini kila mtu akaona. Kaisari mwenyewe hakumzibia mtu.

Sisi je? Nilimpeleka halati yangu, dada wa mama, mtu mzima mwenye magoti mabovu, kusikiliza taarabu hapo Ngomeni. Tukawahi, nikamtandikia kanga ngazi ya katikati. Mara vijana wa waandaaji (siwataji) wakasimamisha mahema mawili mbele yetu, wakapanga makochi yenye vitambaa vyeupe na meza za maji ya chupa. Basi tena. Fidla anaisikia, kanuni, kile kinanda cha nyuzi, anaisikia, mwimbaji hamwoni. Anachoona ni mgongo wa hema na noti zinazopepewa na wanaokwenda kutunza. Mgeni rasmi kaja kachelewa, mshereheshaji kasema itifaki imezingatiwa kisha kataja majina yote upya, hotuba ikasomwa, na wimbo wa kwanza haujesha mgeni keshaondoka na msafara wake. Makochi matupu! Nikaomba halati akae pale. Mlinzi ananijibu hayo ni ya waalikwa. Waalikwa gani, nao washakwenda zao?

Na hizo spika. Ngome waliyoijenga Waomani baada ya kumtoa Mreno ina kuta nene, sauti inarudi yenyewe, lakini lazima zirundikwe spika ndefu kuliko mtu, kanuni igeuke kelele za mabati. Hata harusini siku hizi huwezi kumuuliza jirani yako kama pilau limeshafika.

Tamasha la filamu limefanyika pale tangu 1998 na watu wamekaa ngazini bila kufa. Kwa hiyo napendekeza: mahema yafungwe nje, walikoegesha magari. Ndani, kisiwekwe mbele ya ngazi kitu chochote kirefu kuliko mbuzi ya kukunia nazi. Kiongozi anayeona zege linamdhalilisha apewe mbuzi hiyo akalie, ila meno yake yafungwe kitambaa cheupe, kwa ajili ya itifaki.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Unguja