Barua kwa mpwa wangu kabla ya mbio za Aprili

Mpwa wangu,

Nimesikia kwamba wewe na wenzako wanne mmejiandikisha kwa mbio za baiskeli za barabarani huko Limuru, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Ninakuandikia hadharani kwa sababu timu kama yenu ni nyingi: miguu wanayo, pumzi wanayo, lakini mpango wa mvua hawana. Wasome nao.

Anzeni na pedeli, ambazo viatu vya mbio hunasa juu yake. Tarehe 22 Julai 2016, kwenye Tour de France, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akiteremka na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, kuelekea Saint-Gervais. Lami ilikuwa imelowa. Gurudumu likapita juu ya mstari mweupe, akaanguka. Mwenzake Geraint Thomas alimpa baiskeli yake palepale, na Wout Poels akamwongoza kwenye mlima wa mwisho. Jezi ilibaki mgongoni. Sasa jiulizeni: kapteni wenu akianguka, viatu vyake vitanasa kwenye pedeli za nani? Mtafuteni mwenye kimo kinachokaribia chake, wawili hao watumie pedeli za aina moja, na katika mbio wasiachane zaidi ya mita chache.

Magurudumu nayo yalinganishwe mapema. Gurudumu la breki za diski (zinazobana kisahani cha katikati) haliingii kwenye baiskeli ya breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu), na la giya 11 likifungwa kwenye baiskeli ya giya 12, cheni itarukaruka hadi mwisho. Pancha ni nyingi siku ya mvua, kwa kuwa maji huburuta vigae vya chupa na changarawe kutoka kando ya barabara hadi katikati, tena mpira uliolowa hukatika kirahisi kuliko mkavu. Kwa hiyo mkubaliane kabla ya kupanga mstari: kapteni akipata pancha, wa karibu anatoa gurudumu, mmoja tu anapunguza mwendo mbele ili amrudishe kundini, na wengine wawili wanabaki mbele. Akipata mwingine yeyote, hasubiriwi. Ni uchungu, najua, hasa mkiwa marafiki. Lakini watano wakisimama kwa pancha moja, mbio za watano zimekwisha.

Upepo wa tairi upunguzwe, ila kwa kiasi. Mtu wa kilo 65 mwenye tairi za milimita 28, ambaye siku ya jua angejaza PSI 70 (kipimo cha upepo kwenye pampu), ajaze 62 mbele na 65 nyuma. Akishuka zaidi, shimo la kwanza litabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mashimo mawili sambamba.

Breki ndizo zinazowadanganya wengi. Za rimu hazishiki mara moja zikiwa zimelowa. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu hufuta maji tu, ndipo raba zianze kuuma. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, sekunde moja ni mita 12.5. Zigusieni kidogo kabla ya kila kona ili rimu ikauke, kisha ndipo mpunguze mwendo, baiskeli ikiwa bado imesimama wima. Mkianza kulala kwenye kona, acheni breki ya mbele kabisa. Mguu wa nje uwe chini, uzito wote juu yake. Na kama timu ina breki za aina mbili, mwenye rimu atangulie kwenye mteremko na mwenye diski afuate. Mkigeuza mpangilio huo, wa mbele atasimama na wa nyuma atampanda mgongoni.

Kwenye tambarare, kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako kunakupunguzia kazi sana, kwa hiyo pokezaneni zamu za nusu dakika, mkijipanga kidogo pembeni, upana wa nusu ya usukani, msimwagiwe matope machoni. Kwenye mteremko acheni urefu wa baiskeli nzima, hata mbili.

Barabara za huko someni kama wenyeji. Penye stage ya matatu, dizeli na oili hudondoka mwaka mzima, na mvua ya kwanza baada ya jua huvifanya vielee juu ya lami. Ukiona rangi za upinde wa mvua kwenye maji, usikunje kona hapo wala usishike breki. Matuta yaliyopakwa rangi yapiteni usukani ukiwa umenyooka. Penye njia za matrekta ya chai, tarajieni tope jekundu.

Ndiyo maana nafasi kundini ni muhimu kuliko nguvu. Kabla ya kila kona kali, mhakikishe mko kati ya kumi na watano wa mbele. Wa kwanza anapunguza kidogo tu, wa pili zaidi kidogo, na mambo yakifika kwa wa arobaini amekaribia kusimama, kisha inambidi atimke kuwafikia. Mkirudia hivyo mara ishirini, miguu imekwisha bila kushambulia hata mara moja. Kazi ya kumpandisha kapteni mbele ni ya wawili, nayo ianze kilomita moja kabla ya kona.

Chakula: gramu 60 za wanga kwa saa. Chupa ya nusu lita yenye vijiko vitatu vya chakula vya sukari na chumvi kidogo, pamoja na ndizi moja ya kuiva, inakufikisha karibu na hapo. Kwenye baridi hamtasikia kiu, basi mnywe kwa kufuata saa. Karatasi za vitafunio zikatwe usiku, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi havifungui kitu. Mafuta mgando magotini na mapajani, gazeti kavu kifuani chini ya jezi kabla ya mteremko mrefu, na koti lisifunike namba ya mbio.

Jambo la usiku wa kuamkia mbio. Toeni magurudumu, mwangalie raba za breki kwa tochi. Mtaona vipunje vinavyong'aa vimejichimbia kwenye raba: ni alumini iliyokwanguliwa kutoka kwenye rimu, na ndiyo inayolia kwarakwara. Ving'oeni kimoja kimoja kwa ncha ya pini, halafu mzisugue raba kwa msasa hadi ziwe nyeusi tena. Cheni itiwe mafuta mazito kidogo, kisha ifutwe nje.

Mwisho, kila mmoja akate kipande cha plasta, akiandike kwa kalamu isiyofutika kilomita za kona kali, za miteremko, na jina la atakayetoa gurudumu. Kibandikwe juu ya bomba la mbele, lile linaloshika usukani, na juu yake selotepu, isije ikaoshwa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako