Barua: Kabla hujailipia hiyo laptopu ya MX150

Nakuru

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Nakuru. Natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu ThinkPad T480 uliyoonyeshwa pale Oginga Odinga Street, ile ex-UK (iliyokwisha kutumika Uingereza) yenye kadi ya grafiksi ya GeForce MX150. Unataka kujua kama itacheza gemu. Itacheza, ila si zote ulizoniandikia, na hata hizo itakazoziweza zinategemea mambo ambayo jina la kadi halikuambii.

Nianze na hiyo "grafiksi ya GB 6" uliyoambiwa. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, ingia Performance, kisha uchague GPU iliyoandikwa NVIDIA, maana kuna nyingine ya Intel. Kama mashine ina RAM ya GB 8, utaona Dedicated GPU memory 2.0 GB, Shared GPU memory 3.9 GB, na GPU Memory 5.9 GB. Hiyo 5.9 ndiyo muuzaji anaiita 6. Kumbukumbu iliyo kwenye kadi yenyewe ni GB 2 tu. Iliyobaki ni nusu ya RAM ya kompyuta, ambayo Windows huiruhusu kadi iazime ikiishiwa. Kuazima huko ni kwa mwendo wa kinyonga: unakata kona na gari, picha inaganda nusu sekunde, ikirudi uko ukutani. Kwa hiyo ukisoma mahitaji ya gemu yoyote, linganisha na 2, usilinganishe na 6.

Jambo la pili ndilo linalowaponza wanunuzi wengi. MX150 ziko za aina mbili na zote zina jina hilohilo. Moja inakula wati 25 na kasi yake ya msingi ni 1468 MHz. Nyingine imebanwa kwenye wati 10 ili iingie kwenye laptopu nyembamba, na kasi yake ya msingi ni 937 MHz. Ndiyo maana utasikia watu wawili wakibishana kuhusu kadi moja na kila mmoja anasema kweli. Stika haitakusaidia hapo. Fungua Device Manager, nenda Display adapters, bofya kulia kwenye NVIDIA, kisha Properties, Details, halafu uchague Hardware Ids. Ukiona DEV_1D10, hiyo ni ya wati 25. Ukiona DEV_1D12, ni ile iliyobanwa, na kwa matumizi yako mimi singeichukua. Wakikuletea MX250 badala yake, usidhani umepanda daraja: ni chipu ileile ya Pascal (jina la kizazi cha kadi za NVIDIA) yenye kore 384, na nayo ina sura mbili, 1D13 ya wati 25 na 1D52 ya wati 10.

Sasa joto. Hapo Kisumu mchana hewa yenyewe ina moto, na laptopu iliyotumika ofisini miaka kadhaa huwa na vumbi kwenye feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Gemu itaanza vizuri, fremu 60 kwa sekunde, kila mtu dukani anatabasamu. Baada ya dakika kumi na tano kadi inajipunguzia kasi ili isiungue, na unabaki na 25. Kwa hiyo usikubali jaribio la dakika tano. Beba flashi yenye Unigine Heaven, programu ya kuisukuma kadi kwa nguvu, na GPU-Z, ya kusoma hali yake; zote ni za bure. Chomeka chaja, maana kwa betri peke yake mashine hujibana na utapata jibu la uongo. Chaja nayo iangalie: iwe ya wati 65, isiwe ya 45. Acha Heaven izunguke nusu saa, huku GPU-Z ikiwa wazi kwenye Sensors. Tazama mstari wa GPU Clock, yaani kasi ya kadi, na ule wa PerfCap Reason, yaani kinachoizuia kwenda kasi zaidi. Huo wa pili ukisomeka Pwr, kadi imefika kikomo cha wati zake, hilo ni la kawaida. Ukisomeka Thrm huku kasi ikiporomoka, ni joto. Hiyo si sababu ya kuikataa mashine, kwani fundi akisafisha feni na kubadilisha pesti mara nyingi hali hurudi sawa. Lakini iwe sababu ya kupunguziwa bei.

RAM uliza kama ni kijiti kimoja au viwili. T480 ina nafasi mbili, na ukiweka viwili vya GB 8 prosesa inapata njia mbili za kusomea data. Mikwamo midogomidogo inapungua hata kabla hujagusa kitu kingine.

Kuhusu orodha yako: Valorant haitakupa shida. FIFA 19 na PES 2021 zitaenda, ukianzia 1280x720 na kupanda polepole. Kwenye 720p kadi inachora nukta 921,600 kwa kila fremu, na kwenye 1080p (1920x1080) ni 2,073,600, zaidi ya maradufu, kwa hiyo kushusha resolusheni ndiyo dawa ya kwanza. GTA V ya zamani, ile Legacy, itakwenda kwa Normal. Ukifungua ukurasa wa Graphics utaona mstari wa Video Memory ukijaa kadiri unavyoongeza mapambo. Usiuruhusu upite kikomo, na Ignore Suggested Limits iache Off. MSAA, ile ya kulainisha kingo za picha, izime kabisa. Grass Quality iache Normal, la sivyo ukitoka mjini kwenda milimani fremu zitaanguka zenyewe. EA Sports FC 24 iondoe kwenye hesabu, kwani kadi ya chini inayotakiwa ni GTX 1050 Ti ya GB 4.

Gemu ikikwama ajabu siku ya kwanza, kabla ya kulaumu kadi hakikisha haitumii ile ya Intel. Nenda Settings, Display, Graphics, iongeze gemu hapo na uchague High performance.

Kuna jingine linalonifanya nisite. NVIDIA imeacha kutoa draiva mpya (programu zinazoiendesha kadi) za gemu kwa kadi za Pascal tangu Oktoba 2025. Zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Gemu unazozitaja leo zitaendelea kucheza, ila gemu mpya ndizo zitakuwa bahati nasibu. Kama FC ndiyo inayokusukuma kununua, ningekushauri usubiri na uongeze pesa upate GTX 1650 ya GB 4, kwenye mashine kama HP Pavilion Gaming au IdeaPad Gaming 3. Ni nzito na betri yake haidumu, lakini kadi ina njia ya kumbukumbu ya biti 128 badala ya 64, na bado inapata draiva. Kama ni PES, Valorant na kazi za chuo, T480 yenye 1D10 inatosha, na mimi ningeichukua bila wasiwasi.

Nitumie picha ya Hardware Ids na ya GPU-Z baada ya hiyo nusu saa, kabla hujatoa M-Pesa.

Ni mimi rafiki yako.