Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua banda la kuchambulia taka, Pemba

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sheha wetu, mheshimiwa diwani, masheikh, walimu wa skuli, mama zetu na baba zetu mliokaa hapo juani mana turubali la pili halikufika tusameheni sana, mimi ni katibu wa kikundi na nimetumwa na wenzangu niisome risala hii, wenyewe ndo wale pale nyuma waliovaa leso za kufanana na wale vijana wanne wa mkokoteni.

Kwanza ahsante kwa kuja. Njia ya huku kipindi hichi cha mvua tunaijua wenyewe, na wageni wengine tushawaalika wakaishia barabara kuu wakarudi.

Mheshimiwa, kikundi hichi hakikuanza kwa semina wala kwa mradi, kilianza kwa mtaro. Masika ya mwaka juzi ilinyesha mvua tokea usiku mpaka alfajiri, maji yakajaa kwenye nyumba ya bi mkubwa mmoja hapa mtaani anaekaa na wajukuu zake, asubuhi tukaenda kumtolea godoro na vyombo, alafu vijana wakaingia kwenye kalvati kuangalia kilichoziba. Tulisimama pale tukiangalia vinavyotoka. Chupa za maji, chupa za soda, pampasi zilizovimba kama mito, kanga iliyochakaa, maganda ya mihogo na ndizi yaliyooza yakawa kama uji mweusi, na mifuko ya plastiki ambayo Zanzibar tumeikataza tokea 2006. Hakuna hata kitu kimoja mle ndani kilicholetwa na mvua, vyote vimetoka majikoni mwetu, na kuna mama mmoja akaitambua ile kanga kua ni yake. Siku ile ile tukakaa chini ya mwembe tukasema basi, tusisubiri mtu. Na wengi wetu tulikua tunakumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016, hakuna aliyetaka kukiona tena.

Tulianza kwa kufagia kila Jumaapili na kukusanya kwenye jaa. Baada ya miezi mitatu jaa limekua mlima, gari lenyewe linakuja likitaka, kuku na mbwa wanafukua, tukaona hapa tumehamisha uchafu tu kutoka mtaroni kwenda jaani. Mzee mmoja aliyekua anapita akatwambia neno mpaka leo ndo tunalofanyia kazi, alisema nyie mbona karafuu mnachambua lakini taka hamchambui?

Mheshimiwa wewe ni mtu wa hapa hapa, sina haja ya kukueleza lakini wapo wageni. Karafuu ikishuka mtini usiku watu wanakaa ukumbini, watoto kwa wazee, wanachambua, karafuu huku makonyo, yaani vijiti vyake, kule, na inachambuliwa ile ile siku ikiwa mbichi, huwezi kuianika imechanganyika alafu ndo useme utakuja kuitenganisha. Na yale makonyo hayatupwi, yanaanikwa yanauzwa, Shirika la serikali la biashara, ZSTC, linayanunua na kule Wawi kipo kiwanda kinachoyakamua mafuta. Konyo ni kijiti tu, ukikiona njiani huinami kukiokota, lakini kwa vile kimechambuliwa na kimerundikwa peke yake basi kina bei. Na makumbi ya nazi vile vile, mama zetu wanayafukia pwani yanalainika wanayapiga wanasokota kamba, kifuu chake ni upawa au ni cha kuwashia moto. Sisi watu wa Pemba kuchakata taka hatukufundishwa na mtu, tumekuta wazee wanafanya, ila tumeyaachia kwenye karafuu na nazi tu, vitu hivi vipya vya dukani tukavifungia macho.

Kwa hivo tukatafuta mapolo, yaani mifuko mikubwa, matatu kila nyumba iliyokubali. Polo la kwanza maganda na mabaki ya chakula na majani ya kufagia uwanja, la pili chupa na makopo na mabati, la tatu yale yasiyo na kazi ikiwemo pampasi. Tukaazima mizani ya wauza samaki tukawa tunapima kila jioni kwa wiki nzima, na kila jioni polo zito kuliko yote lilikua lile la maganda, hata siku moja halikushindwa. Yaani lile gari linalokula mafuta kwenda dampo na kurudi, sehemu kubwa ya mzigo wake ni maganda ya mihogo na maji yaliyomo ndani yake! Kitu ambacho kingebaki uwani kikageuka mbolea.

Na mbolea tunaitengeneza, utaiona mwenyewe hapo nyuma ya banda. Tunapanga tabaka la majani makavu, tabaka la maganda mabichi, kidogo samadi ya ng'ombe, tunalowesha, tunafunika kwa makuti mvua isilisombe. Siku ya nne ukitia mkono ndani hauwezi kuuweka, linafuka moshi kama chungu cha wali, hapo ndo tunajua linafanya kazi. Tunaligeuza kila wiki kwa uma wa bustani, likikauka tunaengeza maji, likinuka tunaengeza majani makavu, na baada ya miezi mitatu hivi linakua jeusi linavunjika mkononi na harufu yake ni ya msituni baada ya mvua. Wenye mboga wanalinunua kabla hatujalichuja.

Chupa ndo mtihani. Tunazo nyingi, mnunuzi yupo lakini yuko Unguja na mwengine Dar, na chupa ni kitu cha kujaza nafasi bila ya uzito, chupa za maji za nusu lita hazipungui 50 ndo upate kilo moja, kwa hivo polo limejaa mpaka mdomoni kijana mmoja analibeba kwa mkono mmoja lakini kwenye boti linakaa pahala pa gunia la viazi na nauli inalipwa kama gunia la viazi. Tukitoa nauli hatubakiwi na kitu. Bila ya mashine ya kushindilia, chupa za kisiwani zitabaki kisiwani, na hili si la kikundi chetu peke yetu, ni la kila atakaejaribu kazi hii Pemba.

Sasa Mheshimiwa nakuja kwenye jambo ambalo khasa ndilo lililotufanya tuombe uje wewe na si mtu mwengine, nalo ni ada ya taka.

Sisi hatukatai kulipa. Nataka hili lisikike vizuri mana kila tukizungumzia ada tunaonekana tunakwepa. Gari linataka dizeli, wafanyakazi wanataka mshahara, glavu na mabuti yanataka pesa, na Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 imewapa mabaraza kazi hii ya usafi, kazi haifanyiki kwa dua. Tunachosema ni kua kiwango kilivyopangwa hakimuoni mtu anaejitahidi. Hapa mtaani kwetu yupo mama anaeuza maandazi na urojo barazani kwake, maganda yake yote anatuletea, makopo anaosha, kinachokwenda garini kwa wiki ni kijifuko kimoja. Hatua ishirini kutoka kwake ipo nyumba ya duka, inatoa maboksi na mapolo manne au matano na mengine yanaachwa njiani usiku. Wote wawili ni wafanya biashara, wote wanaandikiwa ada ile ile. Na mwezi mmoja alikuja mtu kukusanya, huyu mama akatoa pesa akaomba risiti akaambiwa kitabu kimesahaulika, mwezi uliofuata akadaiwa miezi miwili. Alilia Mheshimiwa, na mimi nilikuepo.

Nani hapa ashawahi kupeleka karafuu zenye makonyo akapewa bei ya daraja la kwanza? Hayupo. Usafi na ukavu vinaangaliwa na kila mmoja analipwa kwa daraja lake, ndo mana watu wanakesha wakichambua. Lau bei ingekua moja kwa iliyochambuliwa na isiyochambuliwa nani angekesha?

Angalia na umeme. Zamani tukitegemea majenereta pale Wesha, 2010 waya ukaja chini ya bahari kutoka Tanga, na saivi tuna mita za tukuza, unaweka pesa unapata yuniti, ukizima taa unaona faida yako mwenyewe siku ile ile. Hata watoto wamejifunza kuzima feni. Na bei za umeme na maji zikitaka kubadilishwa ipo mamlaka ya ZURA inayozisimamia na wadau wanaitwa kutoa maoni. Ada ya taka nayo ni bei ya huduma, inatoka mfukoni mule mule, lakini hii tunasikia imeshapangwa, hatukuitwa.

Wenzetu wa Korea ya Kusini mwaka 1995 walibadilisha, wakasema kila nyumba inunue mifuko maalum ya taka, ukitupa sana unanunua sana, na vya kuchakatwa ukivitenganisha vinachukuliwa bure. Baadae, 2013, wakaingiza na mabaki ya chakula kua nayo yanalipiwa kwa wingi wake. Ujerumani tokea 2003 chupa nyingi za vinywaji za plastiki ya kutupwa, unapoinunua moja unaweka senti 25 za yuro, ukirudisha chupa unarudishiwa senti zako, chupa huzioni nyingi barabarani mana kila chupa ni pesa. Sisemi tuige kama walivyo, wao wana mashine madukani na sisi tuna maduka ya mabati. Ila akili yake ni ile ile ya ukumbi wa kuchambulia karafuu.

Najua pingamizi litakalokuja, mana hata sisi wenyewe tuligombana nalo vikao vitatu. Ukitoza kwa polo watu watakwenda kumwaga usiku kwenye mikoko. Ni kweli, wapo watakaofanya hivo, na mikoko yetu tayari inaonewa. Ndo tukaona bora isiwe yote kwa polo. Iwepo ada ndogo ya kila nyumba, hiyo ulipe utoe taka usitoe, ili asiwepo anaeokoa pesa yote kwa kumwaga pwani, na juu yake ndo ihesabiwe kwa mapolo yanayokwenda garini, na polo la maganda likiletwa hapa bandani lisihesabiwe kabisa. Asiekua na uwezo sheha anamjua, asamehewe kwa maandishi, isiwe kwa huruma ya mkusanyaji. Na malipo yote yende kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, hata kwa simu ya jirani, na kila baada ya miezi mitatu karatasi ibandikwe ofisi ya sheha, zimekusanywa ngapi, gari limekuja mara ngapi, mafuta shilingi ngapi. Mtu akiona gari limekuja mara nane atalipa bila ya kufuatwa.

Tungependa hili lijaribiwe kwenye shehia yetu hii moja kwanza, mwaka mmoja, hata likifeli lifeli kwetu. Daftari letu la mizani lipo, tutawapa watu wa mipango walitumie. Na kabla bajeti ijayo ya baraza haijafungwa tunaomba kikao kimoja tu na sisi, na kiwe jioni baada ya laasiri mana asubuhi akina mama wako mashambani na pwani kwenye mwani, kikao cha saa tatu asubuhi wanakuja wanaume watano na mwenye funguo.

Mashine ya kushindilia chupa nshaitaja, hiyo ni kubwa kwetu hatuiwezi peke yetu, lakini mabaraza ya miji ya Pemba yakishirikiana yakaweka moja pahala pamoja na kila kikundi kikapeleka chupa zake kwa zamu, boti moja itabeba kilichokua kinabebwa na boti nyingi. Mengine ni madogo, bomba la maji hapa bandani tunalohitaji kuoshea makopo, glavu, na uzio kwa sababu ya mbuzi.

Skuli nayo tunaishukuru, watoto wa darasa la tano ndo waliochora zile picha za mapolo matatu ukutani, kwa wale wasiojua kusoma.

Mheshimiwa, tukimaliza hapa tunaomba upite nyuma ya banda uone lundo, lile la kushoto limeanza wiki iliyopita, tia mkono uone moto wake. La kulia limeiva, tumechuja polo moja limewekwa pembeni lina utepe wa kijani, hilo ni lako. Usilitie kwenye maua, lipeleke kwenye mikarafuu michanga, kila mche makopo mawili, mbali kidogo na shina.

Ahsante kwa kutusikiliza, wabillahi tawfiq.