Risala ya Klabu ya Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maktaba, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Karibu Tanga, mji wa waja leo waondoka leo. Wewe tunakuomba usiondoke kabla hujaona kabati letu.

Chini kabisa ya kabati hilo tulikuta kitabu ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa viatu, na jalada lake ni ganda la daftari. Ukurasa wa kwanza bado unasomeka: The Eagle Press, Nairobi. Tukaanza kuulizana, huyu Eagle ni nani?

Kumbe ni jina lililobebwa na vitabu vya East African Literature Bureau, nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1948 kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Ilitoa vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine nyingi za ukanda huu. Kilichotugusa zaidi ni masanduku. Pasipokuwa na maktaba, Bureau ilipeleka sanduku la vitabu, watu wakaazima, kisha likarudi kubadilishwa. Aliyekaa mbali aliazima kwa posta! Sisi leo kumpata wa kuturudishia kitabu kutoka darasa la jirani ni kazi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na nyumba hiyo ikagawanyika. Upande wa Kenya ukawa Kenya Literature Bureau, ambayo ingali inachapa. Huku kwetu Tanzania Publishing House ilikuwa imeshaanza tangu 1966.

Lakini Mheshimiwa, Tanga haikungoja sanduku la mtu. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilianza hapa mwaka 1904, likipigwa chapa kwenye mtambo wa shule ya serikali ya Wajerumani, hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la mkoloni, hilo hatulifichi. Ila mtambo ulikuwa shuleni, na hilo linatutia wivu, maana gazeti letu la klabu tunalitoa fotokopi stationari, kwa hela ya maandazi.

Hatuombi mtambo. Tunaomba gundi, sindano nene, kadibodi, na fundi wa kujalidi vitabu atufundishe Jumamosi mbili tu.

Kitabu chenyewe kiko mezani hapo mbele yako. Tafadhali kifungue taratibu, kurasa za mwisho tumezishika kwa pini.

Ahsante kwa kutusikiliza.